Sony A7 IV au Canon R6 Mark II? Usiache mbachao kwa msala upitao

Najua nimepotea kwa muda. Kazi ya kuandika programu ina tabia ya kumeza wikendi za mtu, na zangu mbili za mwisho zimeliwa na hifadhidata iliyokataa kata kata kuhamishwa. Lakini leo naweka hayo kando. Leo tuzungumze kamera. Tafadhali usiondoke! Ukifika mwisho utaona ni hadithi ileile ninayoisimulia hapa kila mara: kitu kizuri kwenye karatasi si lazima kiwe kizuri mkononi mwako.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu mdogo hupiga picha za harusi, ruracio na mazishi kule Nakuru. Ndiyo kazi yake, na ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba (si kodi ninazoandika mimi). Kwa miaka mingi ametumia Canon 6D, mashine iliyotoka mwaka 2012. Kamera ile imefanya kazi ya punda. Lakini siku hizi mteja anataka mtu mmoja ampigie picha na pia amtengenezee video, na anataka video hiyo iwe kama sinema. Dada akachukua mkopo wa Sh350,000 kwenye Sacco yake. Mmoja wa wadhamini ni mimi. Kwa maneno mengine, akishindwa kulipa, akiba yangu ndiyo itakayokwenda. Kwa hiyo aliponiuliza, "Kaka, wewe ndiye msomi wa kompyuta, ninunue gani?" sikulichukulia swali hilo kimzaha.

Tulikuwa tumebakiwa na mbili: Sony A7 IV, iliyotangazwa Oktoba 2021, na Canon EOS R6 Mark II, iliyotangazwa Novemba 2022. Zote ni kamera zisizo na kioo ndani, zote zina kihisi cha fremu kamili, yaani kihisi chenye ukubwa wa ile filamu ya zamani ya milimita 36 kwa 24. Na zote zilizinduliwa kwa bei moja Marekani, dola 2,499 bila lenzi. Kwa dola moja kuwa kama shilingi 129, hiyo ni zaidi ya Sh322,000 kabla hata serikali haijadai VAT yake ya asilimia 16.

Nikafanya kile ambacho mtu wa kompyuta hufanya. Nikafungua lahajedwali. Safu moja Sony, safu moja Canon, mistari ishirini na kitu ya sifa, kila sifa na alama zake. Sony ikashinda kwa alama tatu. Nikampelekea dada yangu lile jedwali nikijisikia profesa. Jibu lake lilikuwa sentensi moja tu: "Na lenzi zangu nizipeleke wapi?"

Nikarudi kuangalia. Kwenye mistari yote ile, hapakuwa na mstari wa lenzi alizo nazo tayari. Digrii nzima ya sayansi ya kompyuta, na nimesahau kuuliza mtumiaji ana nini mezani!

Lenzi nitazifikia. Kwanza tumalize yale ambayo watu hugombania zaidi, kwa sababu mengine hayastahili ugomvi.

Upande wa picha

Sony ina megapikseli 33, Canon ina 24.2. Wauzaji hupenda sana kuanzia hapo. Tufanye hesabu badala ya kubishana. Picha ya Canon ina upana wa pikseli 6,000. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, unapata inchi 20. Ya Sony ina pikseli 7,008, unapata inchi 23 na kitu. Waulize wapiga picha wa harusi unaowajua ni mara ngapi mteja ameagiza albamu ya upana wa inchi 23. Faida ya kweli ya Sony hapa ni kwamba unaweza kukata sehemu kubwa ya picha na bado ukabaki na kitu. Ni faida, lakini ndogo.

Kasi? Sony inapiga picha 10 kwa sekunde, ila ukichagua faili ghafi zisizopoteza chochote inashuka hadi karibu 6. Canon inapiga 12 kwa shata ya kawaida na 40 kwa shata ya kielektroniki. Ukiniambia bibi harusi hatembei kwa kasi ya kuhitaji picha 40 kwa sekunde, nitakubaliana nawe. Suala hapa ni kelele.

Kanisani, wakati wa viapo, watu wamenyamaza kimya, na shata inagonga ka! ka! ka! Padri anakukazia macho. Ungependa kutumia shata ya kielektroniki, isiyo na sauti. Hapo ndipo kihisi cha Sony A7 IV kinapoaibika. Kinasoma picha polepole, mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kiasi kwamba kitu kinachosogea kinapinda, na chini ya taa za LED unaweza kupata mistari ya giza na mwanga kwenye picha. Canon inasoma haraka zaidi, kwa hiyo kasoro hiyo, ingawa ipo, ni ndogo. Katika lahajedwali yangu "shata ya kimya" ilikuwa na tiki kwa zote mbili. Tiki haisemi ukweli wote.

Uzito: Sony gramu 658 na Canon gramu 670, zikiwa na betri na kadi. Tofauti ni kama kijiko cha sukari. Tuendelee.

Otofokasi: zote mbili hushika jicho la mtu na kulifuata bila kuachia. Mtu anayetoka kwenye kamera ya 2012 atadhani ni uchawi. Sikuweza kupata tofauti ya kumfanya mtu achague moja.

Upande wa video

Hapa kuna mambo mazito kidogo. Kwenye 4K ya kawaida, ya fremu 25 kwa sekunde, kamera zote mbili hutumia upana wote wa kihisi. Sony huchukua picha ya 7K na kuipunguza, Canon huchukua ya 6K. Zote hutoa video safi sana, na zote zinaweza kurekodi rangi za biti 10.

Tofauti inakuja ukitaka fremu 50, zile za kupunguza mwendo wakati wazee wanacheza mugithi. Canon inaendelea kutumia upana wote. Sony inakata kingo na kubaki na sehemu ya katikati, hivi kwamba lenzi ya milimita 28 inaona kama ya milimita 42. Sasa fikiria ruracio ndani ya sebule, watu arobaini, meza katikati, na mgongo wako tayari umegusa kabati la vyombo. Unataka kurudi nyuma, urudi wapi? Upitie ukutani?

Nikiwa hapo, neno moja kwa wanaojifunza kwa video za Wamarekani. Wao husema rekodi kwa 24, 30 au 60. Umeme wao ni wa hezi 60. Wetu Kenya ni hezi 50. Taa za mirija na nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde, nawe ukirekodi kwa 30 au 60 unaweza kuona video inatetemeka mwanga. Weka kamera kwenye PAL, rekodi 25 au 50, shata 1/50 au 1/100. Ushauri huu ni wa bure na unafaa kwa kamera zote mbili.

Pia kuna hesabu ambayo hakuna muuzaji anayekufanyia. Sony kwenye 4K ya biti 10 inaweza kuandika megabiti 140 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600: gigabaiti 63 kwa saa. Canon kwenye biti 10 ni megabiti 170 hivi, ambayo ni gigabaiti 76 na nusu kwa saa. Rekodi sherehe ya saa tatu na tayari una gigabaiti kati ya 190 na 230. Hifadhi nakala ya pili, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na hesabu inakuwa mara mbili. Harusi nne kwa mwezi na diski yako imejaa.

Na kompyuta je? Nimeona watu wakinunua kamera nzuri halafu wanahariri kwenye tarakilishi inayokwama kila sekunde mbili. Video ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2 ni nzito kufungua. Kompyuta za Apple kuanzia zile za M1, na vichakataji vingi vya Intel kuanzia kizazi cha 11, vina sehemu maalum ya kufungua H.265 ya aina hiyo. Kama yako haina, mwambie programu ya kuhariri itengeneze nakala nyepesi, uhariri hizo, halafu mwishoni irudi kwenye faili halisi. Au kama huchezei rangi sana, rekodi kwa biti 8 tu. Mteja wa Nakuru hatakupigia simu kuuliza una biti ngapi.

Hapa niipe Sony haki yake. Tundu lake la HDMI ni lile kubwa la kawaida. Canon R6 Mark II imewekewa lile dogo kabisa, linalolegea ukilitazama vibaya. Kwa mtu anayerusha ibada au mazishi moja kwa moja mtandaoni, kazi iliyoongezeka sana kwetu tangu 2020, tundu hilo dogo ni maumivu ya kichwa. Nunua kishikio cha waya, au uandae machozi.

Kadi mbili

Hili silitilii alama. Hili ni sharti. 6D ina nafasi moja tu ya kadi. Mwaka 2023 dada alipiga ruracio moja kule Njoro, siku nzima. Alipofika nyumbani, kadi ikakataa kufunguka. Nilijaribu kila programu ya kuokoa faili ninayoijua, usiku kucha hadi saa kumi alfajiri. Tukapata picha kumi na moja, zote za asubuhi, za mahema yakisimamishwa. Alirudisha pesa zote. Lakini si pesa iliyomuumiza. Babu wa msichana ndiye aliyekuwa amebariki ile shughuli, na kabla mwaka haujaisha mzee alifariki. Familia ilipiga simu kuuliza kwa upole kama kuna picha hata moja iliyopatikana. Hakukuwa na hata moja.

A7 IV na R6 Mark II zote zina nafasi mbili, na zote zinaweza kuandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Ukinunua kamera yoyote kati ya hizi na usiwashe mpangilio huo siku ya kwanza, hukunisikia.

Sasa lenzi

Tukirudi kwa swali la dada. Ana lenzi tatu za Canon za aina ya EF: ya milimita 50 f/1.8, ya 85 f/1.8, na ya 24-105 f/4 aliyoinunua kwa mtu wa pili. Mfumo wa EF ulianza 1987. Canon walipoanzisha mfumo mpya wa RF mwaka 2018, walitoa pia adapta, na kwa adapta hiyo lenzi za EF hufanya kazi kwenye kamera mpya kama zilizaliwa hapo. Otofokasi inafanya kazi, ya jicho ikiwemo. Adapta ya kawaida ilizinduliwa kwa dola 99. Isitoshe, betri zake za zamani za LP-E6 zinaingia kwenye R6 Mark II vilevile.

Kwenye Sony, lenzi hizo zinahitaji adapta ya kampuni nyingine. Kwa picha utasukuma siku. Kwa video otofokasi inadorora, na video ndiyo sababu ya mkopo wote huu. Kwa hiyo kuhamia Sony ni kununua lenzi upya. Tuseme Tamron 28-75 f/2.8 G2, iliyozinduliwa kwa dola 899, na Sony 85 f/1.8 iliyozinduliwa kwa karibu dola 600. Hiyo ni karibu Sh193,000 juu ya bei ya kamera. Adapta ya Canon ni kama Sh13,000. Tofauti ni Sh180,000, ambayo kwa bei anayotoza dada ni harusi sita. Harusi sita za kukimbia huku na huko na mzigo mgongoni ili arudi pale pale alipokuwa.

Lakini, subiri. Najua kuna msomaji anayekasirika, kwa sababu na mimi nilikasirika. Mnajua msimamo wangu kuhusu programu huria. Nimeandika hapa mara ngapi kwamba usikubali kufungiwa ndani ya nyumba ya kampuni moja? Na kwa lenzi, Sony ndiyo nyumba yenye mlango wazi. Tangu 2011 walitoa vipimo vya mfumo wao wa E kwa watengenezaji wengine, na leo unaweza kununua Sigma, Tamron, Samyang na wengine wengi, zenye otofokasi kamili na bei ya chini. Canon walifanya kinyume. Mwaka 2022 kampuni ya Viltrox ilisema Canon wameiambia iache kutengeneza lenzi za RF. Mwaka 2024 Sigma na Tamron walipotangaza hatimaye lenzi za RF kwa ruhusa, zilikuwa za kamera za kihisi kidogo, si za fremu kamili. Huo ni ukuta, na mteja ndiye anayeulipia.

Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyoipa Sony alama tatu kwenye jedwali langu. Ila nilikuwa nimeitumia vibaya. Uhuru wa kuchagua lenzi una thamani kwa mtu anayenunua lenzi. Dada hanunui lenzi mwaka huu, analipa mkopo. Kazini kwangu tukipewa mfumo wa zamani unaofanya kazi, hatuufuti tukaanza upya kwa sababu lugha mpya ni nzuri zaidi. Tunaandika daraja, tunaendelea na kazi, tunabadilisha kipande kimoja kimoja pesa inapopatikana. Adapta ya dola 99 ni daraja hilo. Na wahenga walilisema kabla ya kompyuta: usiache mbachao kwa msala upitao.

Zaidi ya hayo, ukuta wa Canon una madirisha siku hizi. RF 50 f/1.8 ilizinduliwa kwa dola 199 mwaka 2020, na mwaka 2024 wakaleta RF 28-70 f/2.8 kwa dola 1,099, chini ya nusu ya bei ya ile 24-70 yao ya kifahari. Bado ni ghali kuliko Tamron. Lakini si ukiwa ule wa zamani.

Msimamo wangu

Kama una lenzi za EF na maisha yako ni harusi, chukua R6 Mark II, usipoteze usiku kama mimi. Kama unaanza na mikono mitupu, bila lenzi hata moja, chukua A7 IV na lenzi ya Tamron au Sigma, kwa sababu baada ya miaka mitano utakuwa umeokoa pesa nyingi kwenye lenzi kuliko tofauti yoyote ya kamera. Utavumilia kukatwa kwa 4K ya fremu 50, na kanisani utatumia shata ya kawaida. Kama kazi yako ni kurusha matukio moja kwa moja, tena Sony, kwa lile tundu la HDMI.

Na kama unasikia presha ya matoleo mapya, Canon walitoa R6 Mark III Novemba 2025 na Sony wakatoa A7 V Desemba 2025. Ni kamera bora, sibishi. Kwa mtu wa mkopo, hata hivyo, faida yake kubwa ni kushusha bei ya hizi mbili nilizozungumzia.

Dada alinunua R6 Mark II mapema mwaka huu. Salio likaenda kwenye adapta, kadi nne, diski mbili za nje na taa moja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ruracio, sebule ndogo, watu wengi kuliko viti. Usiku alinitumia picha moja kwenye rununu: nyanya mmoja ameinua mikono, anaombea watoto. Chini yake ameandika, "Iko kwa kadi zote mbili."

Lile jedwali langu nimelifuta. Jingine nitakalotengeneza litaanza na mstari mmoja: mtu huyu ana nini tayari?

Wewe unatumia ipi, na uliichagua kwa nini? Niambie hapo chini. Wafuasi wa Nikon, nawajua, msinipigie kelele, zamu yenu inakuja. Mpaka wakati mwingine, mniombee awamu za mkopo zilipwe kwa wakati.